Matayarisho ya Mwenye Kuutaka Utabibu wa Wanyama

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, miongoni mwa mambo ambayo vijana wetu huyauliza sana ni hili la kuingia chuo kikuu kusomea utabibu wa wanyama, na suali lenyewe aghalabu huja katika sura moja: je, alama nilizonazo zatosha? Ni suali la haki, wala simlaumu aulizaye, kwa kuwa asiyekivuka kizingiti hana pa kuanzia. Walakini sisi tunaowapokea wanafunzi wanapokuja mashambani kujifunza kwa vitendo tumekwisha kuona kwamba wako walioingia chuoni kwa alama za kutamanika, wakapita mitihani ya miaka ya mwanzo bila taabu, kisha, ilipofika zamu ya kuweka daftari chini na kumshika mnyama, ikadhihirika kuwa hawajapata kusimama ubavuni mwa ng'ombe aliye hai. Kosa si lao peke yao, maana hakuna aliyewaambia kabla kwamba hilo nalo ni sehemu ya matayarisho.

Yafaa msomaji ajue kwanza kwamba njia ya kuifikia kazi hii si moja ulimwenguni. Marekani, kijana hatoki sekondari akaingia moja kwa moja katika skuli ya utabibu wa wanyama, bali husoma kwanza shahada ya kawaida, kwa desturi miaka 4, akichagua fani aipendayo, iwe ni baiolojia, ufugaji au hata historia, maadamu katika muda huo atakuwa amesoma pia kemia, biokemia, fizikia, elimu ya urithi wa viumbe na takwimu. Ndipo huomba nafasi katika skuli ya utabibu, na akikubaliwa hukaa huko miaka 4 mingine. Uingereza mambo ni mafupi zaidi, kwani mwanafunzi hutoka sekondari akaingia chuoni kwa miaka 5, na Cambridge ni 6. Sisi wa Afrika ya Mashariki tumefuata mwendo wa Waingereza: shahada ya utabibu wa wanyama ndiyo shahada ya kwanza, nayo huchukua miaka 5, ama Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ama Makerere, ama Morogoro katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kabete ndiyo iliyotangulia kutoa shahada, tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na wanafunzi wa Tanganyika na Uganda walikuwa wakipelekwa huko. Morogoro mafunzo haya yakaanza 1976, na chuo chenyewe kikasimama kwa jina lake mwaka 1984, mwaka ule ule aliofariki Edward Moringe Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli, ambaye nadhani hakuna jina lililostahili kuliko lake kuandikwa juu ya mlango wa mahali panapofundishwa dawa ya ng'ombe.

Basi tofauti hii ya njia ina matokeo ambayo wachache huyazingatia. Mmarekani anapoomba nafasi hatazamwi alama peke yake: hutakiwa aorodheshe saa alizozitumia pamoja na tabibu wa wanyama, zahanati gani, shamba gani, alifanya nini, na apate barua ya tabibu aliyemwona akifanya kazi. Kijana aliyelelewa ghorofani katika mji mkubwa, ambaye hajui ng'ombe ila katika picha, hulazimika kumtafuta ng'ombe popote alipo kabla ya kuthubutu kuomba. Kwetu sisi, ambao mbuzi hupita mlangoni na kuku hulala jikoni, hatuulizwi lolote katika haya. Tunatazama Baiolojia, tunatazama Kemia, tunatazama somo la tatu, kama ni Fizikia au Jiografia au Kilimo, na mwenye alama za juu hupewa nafasi. Miaka ile 4 ambayo mwenzetu wa Marekani huipata kwa kujipima kama kweli kazi hii ni yake, kijana wetu hanayo, na ndiyo sababu nasema kwamba atakayeitaka hana budi kujipima mwenyewe, kwa hiari yake, tangu angali kidato cha tano, na hata akiwa mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo, wakati masomo yangali ni ya mifupa, ya chembechembe na ya kemia ya mwili, na mnyama mzima bado yuko mbali.

Na ajipime kwa nini? Nitatoa mfano mmoja au miwili ambayo haihitaji chombo wala ruhusa ya chuo. Ng'ombe, kama kila mwanafunzi anavyojua kwa kukariri, ana tumbo lenye sehemu nne, na iliyo kubwa kuliko zote, ile ambayo majani huumuka ndani yake kwa kazi ya vijidudu, imelala upande wa kushoto. Aliyesoma hivyo kitabuni na akaishia hapo ana habari tu. Lakini naende kwa jirani mwenye ng'ombe mpole, asimame kushoto kwa mnyama, atafute kile kibonyeo kilichoko nyuma ya ubavu wa mwisho na chini ya mifupa ya kiuno, akunje ngumi, aikandamize pale polepole, kisha atulie asiseme na mtu. Kabla ya dakika moja kwisha atahisi mkono wake ukiinuliwa kutoka ndani, kwa nguvu iliyo nzito na ya taratibu, kisha ukarudi. Na katika mnyama mwenye siha jambo hilo litajirudia mara moja au mbili kwa kila dakika. Siku atakapoiweka ngumi hiyo juu ya ng'ombe asiyekula, akangoja na kungoja na pasiwe na kitu kinachoinuka, hatahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba tumbo limesimama. Na siku atakapokuta kibonyeo kile kimefura na kuwa kigumu kama ngozi ya ngoma, atafahamu kwa nini mabwana mifugo huchoma sindano nene upande huo wa kushoto na si mwingine, na kwa nini hufanya hima.

Mfano wa pili upo buchani. Ng'ombe akishindwa kuzaa, tabibu hutia mkono asione kitu, na kazi yake ya mwanzo ni kujua kama mguu alioushika ni wa mbele au wa nyuma, maana ndama anayekuja kwa miguu ya mbele na kichwa yuko katika njia yake, na anayekuja vinginevyo hutaka hila nyingine kabisa. Dalili ni hii: katika mguu wa mbele viungo viwili vya kwanza, ukianzia kwatoni kwenda juu, hukunjika kuelekea upande mmoja, katika mguu wa nyuma kiungo cha kwanza hukunjikia huku na cha pili kikakunjikia kule. Maneno haya ni mepesi kuyaandika, lakini mkononi, ndani ya giza, mnyama akisukuma na mwenye mali akilia, maneno hupotea. Mwanafunzi mwenye akili atamwendea mchinjaji, atanunua miguu minne ya mbuzi ya kutengenezea supu, na kabla haijaingia chunguni ataiweka ndani ya gunia na kuipapasa bila ya kuitazama, akiitaja mmoja mmoja, hata asikosee tena. Gharama ya mafunzo hayo ni bei ya supu.

Msomaji asije akadhani kwamba naidharau elimu ya vitabu, au nasema mchungaji hodari amekwisha kuwa tabibu. La hasha. Mkono hujua *nini*. Vitabu ndivyo vinavyojua *kwa nini*, na pasipo kuijua hiyo *kwa nini* mtu huua. Chukua paka: kidonge cha parasetamoli, ambacho mzazi humpa mtoto mwenye homa bila ya wasiwasi, chaweza kumwua paka, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuifunga dawa ile na kuitoa mwilini kama linavyofanya ini la binadamu, na sumu inayobaki huiharibu damu yake isiweze kubeba hewa. Jambo hilo haligunduliwi kwa kupapasa; ni kemia, ile ile ambayo wanafunzi huiona kavu na kuuliza itawafaa nini. Tabibu wa watu hushughulika na kiumbe wa namna moja, ilhali wa wanyama anatakiwa ajue kwamba farasi hana kibofu cha nyongo, ya kuwa hatapiki, ya kuwa kuku mwenye joto la nyuzi 41 ni mzima ilhali ng'ombe mwenye joto hilo yu hatarini, ya kuwa mimba ya mbuzi ni miezi 5 na ya punda ni mwaka mzima.

Na hesabu! Hapa ndipo ninapowaona vijana wengi wakijikwaa, na si katika hesabu za juu bali katika kuzidisha na kugawanya. Ng'ombe ana kilo 250, dawa ya oksitetrasaiklini hutolewa miligramu 10 kwa kila kilo, na chupa imeandikwa asilimia 10, maana yake kila mililita ina miligramu 100. Basi mnyama huyu ahitaji miligramu 2,500, nazo ni mililita 25. Lakini dukani iko chupa nyingine ya dawa hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo, imeandikwa asilimia 20, na asiyesoma kibandiko, akavuta mililita 25 kwa mazoea, amekwisha kumpa mnyama mara mbili ya alichokikusudia. Nimeona mambo haya yakifanywa na watu wenye vyeti. Na hizo kilo 250 zenyewe zimetoka wapi, ikiwa mizani hakuna? Zimetoka katika utepe uliozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, na katika jicho lililozoea kukadiria. Nalo jicho hilo, kwa mara nyingine, hupatikana mnadani Jumamosi, si darasani.

Fauka ya hayo, hesabu ya tabibu wa wanyama haiishii katika bomba la sindano, bali yahusu pia maradhi ya makundi mazima. Skuli ya kwanza ya fani hii ilifunguliwa Lyon, Ufaransa, na Claude Bourgelat, kwa amri iliyotolewa 1761, na jambo kubwa lililowasukuma watawala ni sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe wa Ulaya. Maradhi hayo hayo yalitia nanga kwenye pwani ya Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, yakashuka kusini, yakazifikia nchi zetu mnamo 1890 na 1891, na kabla ya karne kwisha yalikuwa yamekwisha kufika Rasi ya Tumaini Jema. Wamasai waliobaki hai wakahadithia mabonde yaliyojaa mizoga na njaa iliyofuata. Dawa ya kuyatibu haikuwapo wakati ule, wala haikupatikana baadaye. Kilichopatikana ni chanjo, na iliyokuja kuwa bora ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright pamoja na wenzake, waliokichukua kirusi kiitwacho Kabete O wakawa wanakihamisha kutoka chupa moja ya chembechembe za figo la ndama kwenda nyingine, mara tisini hivi, hata ukali wake ukapotea na kinga ikabaki. Halafu ilipatikana chanjo iliyostahimili joto, na hapo wafugaji wenyewe, katika sehemu ambazo gari wala barafu havifiki, wakafundishwa kuchanja mifugo yao. Na ni hao waliojua ng'ombe gani wametoka wapi, na ugonjwa umejificha katika malisho gani. Mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kwamba sotoka imekwisha, ikiwa ni maradhi ya pili, baada ya ndui, kung'olewa duniani kwa juhudi za wanadamu.

Na sisi wa visiwani tunayo habari yetu. Unguja ilisumbuliwa na mbung'o hata katika miaka ya 1990, na waliowamaliza hawakuwa na bunduki wala sumu peke yake: mbung'o madume walikuzwa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kwa mamilioni, na kwa kuwa jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kila lililompata dume tasa halikuzaa. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Sababu ya kufaulu ni hesabu: madume tasa wangapi kwa kila dume mzima, kwa wiki ngapi, juu ya msitu upi. Kijana anayesema anaukimbia uchumi na takwimu kwa kuwa yeye apenda wanyama tu, namshauri afikiri tena, kwa sababu kupenda wanyama hakutoshi kumlinda hata mmoja wao.

Jambo jingine ambalo mimi hulitaja kila mara, na ambalo vitabu vya maandalizi hulipitia haraka, ni hofu. Kwa maana ya kujua kipi cha kuogopa. Mwanafunzi wa fani hii atajikuta karibu na mbwa asiyejulikana, na kwa hiyo yampasa achanjwe kinga ya kichaa cha mbwa kabla, si baada. Atakuta ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, na mwili haukukakamaa. Hapo ushujaa wa kupasua ili aone ni upumbavu, maana hiyo yaweza kuwa kimeta, na kufungua mzoga ni kuumwagia udongo mbegu zitakazodumu miaka makumi. Ataitwa kusaidia ng'ombe aliyetupa mimba, na mwenye mali atauchukua mzoga wa ndama kwa mikono mitupu kama alivyofanya baba yake. Ni wajibu wa mwanafunzi kuvaa mipira na kumweleza mzee, kwa adabu, kwamba homa zinazomjia na kuondoka huenda zina asili hapo.

Hili la adabu lina uzito kuliko wanavyodhani watu wa mijini. Mgonjwa wetu hasemi, na anayesema badala yake ni mwenye mali, ambaye akidharauliwa hunyamaza. Nimemwona mwanafunzi, kijana safi mwenye koti jeupe, akifika zizini na kuuliza hapo hapo, "Ng'ombe ana dalili gani?" na mzee akamjibu, "Ni mgonjwa," kisha basi. Mwenzake, msichana wa mwaka wa nne, akaanza na "Shikamoo mzee," akangoja marahaba yake, akauliza hali ya nyumbani na mvua, ndipo akasema, "Huyu mwekundu aliacha lini kucheua?" Mzee akamwambia ni tangu juzi alasiri, kwamba alinunuliwa mnadani majuma mawili yaliyopita, kwamba josho la kijiji halina dawa tangu mwezi uliopita, na kwamba ameona tezi chini ya sikio zimevimba. Kipimajoto kilipotolewa kikaonyesha nyuzi 41, na ndigana kali ilikuwa imekwisha kutajwa na mzee mwenyewe, ingawa hakulitamka jina. Katika maradhi hayo ya kupe dawa hufaa ikiwahi. Ikichelewa, mapafu hujaa maji na mnyama hufa akitoa povu. Maneno machache ya heshima yalikuwa yameokoa siku moja, na siku moja ndiyo ng'ombe.

Nimemtaja msichana kwa makusudi, kwa sababu bado wako wazazi wanaosema kazi hii ni ya wanaume kwa ajili ya nguvu zake. Fahali wa kilo 500 hashindwi na nguvu za mtu yeyote; hushindwa na kamba iliyofungwa kwa ustadi, na kamba haiulizi. Marekani, katika skuli hizi, walio wengi siku hizi ni wanawake.

Ama kwa yule ambaye alama hazikumtosha, asifanye haraka ya kukata tamaa. Tanzania kuna vyuo vya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, kama Tengeru, Mpwapwa na Buhuri, ambavyo hutoa cheti na stashahada, na mwenye stashahada nzuri aweza baadaye kuomba shahada. Kwa maoni yangu wanafunzi waliopitia njia hii ndefu hufika Morogoro wakiwa na mikono iliyokwisha kukomaa, na taabu yao ni kemia. Wale wa kidato cha sita wana kemia, na taabu yao ni mikono. Laiti wangewekwa chumba kimoja bwenini, kila mmoja angemlipa mwenzake deni lake.

Nawasihi basi mabwana na mabibi madaktari wa mifugo walioko wilayani, na wakaguzi wa nyama machinjioni, kwamba kijana akija kuwaomba afuatane nanyi siku za likizo, kushika kamba, kubeba ndoo ya maji, kusoma kipimajoto na kuandika kwenye daftari, msimwambie arudi akiwa na barua ya chuo. Mpeni gamboti na mumwonyeshe mahali pa kusimama.